Bresi ya Mgongo na Baridi ya Tukuyu

Picha ya eksirei imesomwa, fundi amechukua umbo la kiwiliwili kwa P.O.P., lile ambalo wengi tunaliita hogo, na sasa mmeshuka stendi ya Tukuyu na jaketi gumu la plastiki lenye mikanda, yaani bresi. Binti ana miaka 12. Ameambiwa alivae usiku na mchana mpaka atakapoacha kurefuka. Daktari amemaliza sehemu yake kwa sasa. Zilizobaki ni saa za kuvaa, na saa hizo zitapita nyumbani kwenu, njiani kwenda shule na darasani.

Nawaandikia wazazi na walezi wa Rungwe kwa sababu ushauri mwingi kuhusu bresi umetoka kwa watu wenye choo cha kukalia, mashine ya kukaushia nguo na gari la kumfikisha mtoto getini. Huku kwetu kuna choo cha kuchuchumaa, mvua ya kuanzia Novemba hadi Mei, mafuta ya mgando kila asubuhi, kigoda jikoni na bibi mwenye huruma. Kwa ninavyoona mimi, haya huivua bresi mara nyingi kuliko maumivu yenyewe. Kwa hiyo mzazi asijifanye askari wa zamu. Saa azihesabu mtoto, na mzazi ahangaike na choo, chakula, fulana, kitanda, mwalimu na ndugu.

Kwanza tuelewane bresi inafanya nini. Skoliosisi ni kupinda kwa uti wa mgongo kwenda upande huku pingili zikijizungusha, ndiyo maana mtoto akiinama mbele upande mmoja wa mbavu huinuka kuliko mwingine. Mpindo hupimwa kwa nyuzi kwenye eksirei. Ukifika nyuzi 10 ndipo huitwa skoliosisi. Ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto bado anakua, bresi hushauriwa. Ukivuka 45 au 50 mazungumzo huhamia kwenye upasuaji, ambao hapa nchini hufanyika MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa watoto wengi wa rika la balehe chanzo hakijulikani. Wavulana hupata na wasichana hupata, ila mipindo mikubwa huwapata zaidi wasichana, na tatizo huelekea kujirudia ndani ya ukoo. Halikuletwa na ndoo ya maji kichwani, wala mkungu wa ndizi, wala begi la madaftari, wala kukaa vibaya kwenye dawati, wala jirani. Yasemeni haya kwa sauti, familia nzima ikisikia, kwa sababu kuna mama anayelala akijilaumu kwa zile ndoo, na kuna mtoto anayeamini kwamba anaadhibiwa.

Mwaka 1741 daktari Mfaransa, Nicolas Andry, alichapisha kitabu chenye mchoro wa mti mchanga uliopinda, umefungwa kamba kwenye mti wa kuegemea. Mchoro huo ukaja kuwa nembo ya tiba ya mifupa, na hadi leo unatumika. Mkulima wa parachichi wa Kiwira au Katumba ataielewa picha hiyo mara moja, na itampotosha, kwa sababu yeye hufunga mche akitegemea unyooke. Mgongo ndani ya bresi huonekana umenyooka kiasi, lakini bresi ikivuliwa hurudi karibu na ulipokuwa. Kazi ya bresi ni kuuzuia mpindo usiongezeke katika ile miaka mtoto anaporefuka kwa kasi. Aliyeanza na nyuzi 30 akamaliza na nyuzi 30 amefanikiwa kabisa. Mzazi asiyeambiwa hili mapema huona eksirei ya miezi sita, akasema “mbona bado umepinda,” na mtoto akisikia hivyo anaona mateso yake yote yalikuwa ya bure.

Je, inafaa kweli? Mwaka 2013 timu ya daktari Stuart Weinstein wa Marekani ilichapisha utafiti uliofanyika katika vituo 25 vya Marekani na Kanada. Watoto waliambiwa wavae bresi saa 18 kwa siku, na ndani ya plastiki kulikuwa na kifaa kidogo cha kupima joto, kwa hiyo ilijulikana ni saa ngapi hasa mtoto amevaa. Kati ya waliovaa, 72 kwa kila 100 walimaliza kukua bila mpindo kufikia kiwango cha upasuaji. Kwa ambao walifuatiliwa tu bila bresi, walikuwa 48. Na wale waliovaa kwa wastani wa karibu saa 13 au zaidi kila siku, zaidi ya 90 kwa 100 walifanikiwa. Mimi huzisoma takwimu hizo kwa namna mbili. Saa ndizo dawa yenyewe, na bresi ya juu ya kabati haimsaidii mtu. Pia siku ambayo mtoto amevaa saa 14 badala ya 18 haijaharibika, na haistahili ugomvi wa usiku kucha. Tafadhali, usimwambie mtoto kwamba 13 zinatosha. Daktari akisema 18, lengo ni 18, nawe uijue siri hiyo kimya kimya ili usikate tamaa.

Neno moja kwa ambao bado hawajafika hospitali. Mgongo uliotokeza kibiongo chenye ncha katikati, mtoto akiwa na homa za jioni, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usiku au miguu inayolegea, unaweza kuwa na kifua kikuu cha mgongo. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu, na kuchelewa kunaweza kumpoozesha. Ndiyo sababu nakataa kabisa habari ya kumpeleka mtoto kwa wanyoosha viungo akakandwe kwa nguvu kabla ya eksirei. Na ile mikanda laini ya kunyoosha mgongo inayouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya dawa haina uhusiano wowote na bresi. Bresi hutengenezwa kwa umbo la mtoto mmoja, ikiwa na sponji ndani mahali ambapo mpindo unasukumwa na nafasi wazi upande wa pili ili mwili upate pa kwenda.

Kwa mtu wa Rungwe, njia ya kawaida ni kuanzia Hospitali ya Wilaya, Makandana, au Igogwe, kisha kupata rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kama kilomita 70 kutoka Tukuyu. Ukiwa Mbeya uliza moja kwa moja: bresi ya skoliosisi itatengenezwa wapi? Huenda mkaelekezwa MOI, au hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1981. Kabla hujasafiri uliza bei ya bresi ya kwanza na ya pili, kwa kuwa mtoto anayekua huweza kuhitaji mpya baada ya mwaka hivi. Uliza bima yenu inalipa nini, nayo ikujibu kwa maandishi. Mambo yakiwa magumu, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili hiyo. Nenda hata kama unaona aibu.

Mkishachukua bresi, msipande basi jioni ile ile. Kaeni kwa ndugu siku kadhaa karibu na karakana. Mwambie mtoto akiwa bado mbele ya fundi akae kwenye kiti, apande ngazi, ainame kuokota kalamu, na achuchumae kadiri plastiki inavyomruhusu. Sehemu inayomkata kwenye paja au kwapani hupunguzwa pale pale kwa dakika chache. Ukiigundua umeshafika Ushirika, huku kwetu, ni safari nyingine ya nauli mbili. Waulize pia bresi inafungwa wapi. Zipo zinazofungwa nyuma, kama ile ya Boston, na zipo za mbele, kama ya Chêneau. Inayofungwa nyuma inahitaji mkono wa mtu mwingine kila mara, na hilo litaamua maisha ya shuleni. Mwombe fundi achore kwa kalamu ya wino mahali kila mkanda unapopaswa kufika, maana bresi iliyolegea ni mzigo tu. Chukua namba yake ya simu. Picha ya wekundu kwenye ngozi iliyotumwa kwa WhatsApp imewaokolea wengi safari.

Kuhusu kuanza, nina pendekezo ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulitumia. Likizo ya Juni kwetu huangukia miezi ya baridi kali. Mtoto yuko nyumbani, hatoki jasho, na jaketi la plastiki chini ya sweta karibu linapendeza. Wiki mbili za kuzoea, ukiongeza saa moja au mbili kila siku kadiri fundi alivyopanga, huisha kabla shule hazijafunguliwa. Lakini bresi ikiwa tayari Februari, anza Februari. Kusubiri likizo miezi minne kwa msichana anayerefuka haraka ni kuuachia mpindo uendelee.

Usiku wa kwanza wa kulala nayo ndio mgumu kuliko yote, kwa hiyo usiuharakishe. Kama analala na wadogo zake kitanda kimoja, mpe upande wa ukutani au kitanda chake, maana plastiki ikimgonga mdogo usoni saa nane za usiku, nyumba nzima itaamka na lawama zitakuwa zake. Mto mmoja chini ya magoti akilala chali, au katikati ya magoti akilala ubavu, husaidia sana.

Ngozi

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Watoto wetu hupakwa mafuta ya mgando mwili mzima, na mama asiyempaka mwanawe huonekana hamjali. Chini ya bresi mafuta hulainisha ngozi, na ngozi laini ikisuguliwa huchubuka. Paka miguu, mikono na uso kama kawaida. Kiwiliwili kinachofunikwa na plastiki kiache kikavu. Kuoga kila siku, kujikausha vizuri mpaka mikunjo ya kwapa na kiuno, kisha fulana ya pamba inayobana mwili, ndefu kupita nyonga, isiyo na mishono, au iliyogeuzwa ndani nje. Ivutwe isiwe na kunyanzi hata moja. Fundi cherehani wa sokoni anaweza kushona nne au tano kwa kitambaa cha tisheti. Singlendi za dukani mara nyingi ni fupi.

Wekundu baada ya kuvua ni wa kawaida, hasa penye sponji. Hesabu nusu saa. Ukififia, endelea. Usipofifia, au kukiwa na lengelenge au ngozi iliyofunguka, pumzisha mpaka ipone na umpigie fundi, kwa kuwa hapo plastiki inahitaji kurekebishwa. Usikate wala kupasha plastiki moto mwenyewe, na usimruhusu fundi wa mtaani kufanya hivyo hata akiwa hodari wa ndoo na mabeseni.

Halafu mvua. Fulana iliyofuliwa Jumatatu ya Aprili hapa Tukuyu inaweza kuwa mbichi hadi Jumatano, na fulana yenye unyevu ndani ya bresi huleta vipele kwa siku moja. Zikamuliwe ndani ya taulo, zianikwe juu ya jiko kwa umbali ambao hazitanuka moshi, zimalizwe kwa pasi. Bresi yenyewe hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ikakaushwa kwa taulo. Isikaribie moto kamwe. Plastiki hiyo iliundwa kwa kupashwa joto, na joto la mafiga au jiko la mkaa linaweza kuipindisha mkaja kumfunga mtoto kitu kisicho umbo lake.

Likizo ikija na mtoto akashuka Kyela kwa bibi, joto la kule ziwani litakuwa somo lingine. Ongeza fulana, abadilishe mchana, na aivue anapoogelea Matema. Kuogelea kunaruhusiwa na kunafaa.

Choo na chakula

Haya mawili yanapuuzwa kwa sababu yanaonekana madogo, na mtoto anaona aibu kuyasema. Kuchuchumaa ndani ya bresi ni shida, na asipoweza atajizuia kutwa nzima, au ataacha kunywa maji, au ataivua shuleni na kuisahau. Nyumbani, seremala anaweza kutengeneza kigoda kirefu chenye tundu la kuweka juu ya shimo. Hakina gharama kubwa, na babu mwenye magoti mabovu atakushukuru pia. Mtoto aende haja kubwa asubuhi kabla ya kufunga mikanda. Na chupi ivaliwe juu ya bresi, isivaliwe chini yake, ili ashushe bila kufungua chochote. Wasichana wengi huigundua siri hii kwa tabu. Mwambie siku ya kwanza.

Sahani ya ndizi na maharage iliyojaa haiingii kirahisi chini ya plastiki. Kidogo mara nyingi ni bora: uji asubuhi kabla ya kuvaa, mihogo au viazi saa nne, na mlo mkubwa uwe jioni bresi ikiwa imevuliwa. Maziwa hatupungukiwi huku, na mifupa inayokua inayahitaji, ingawa hakuna maziwa yanayonyoosha mgongo.

Ukipanga hivyo siku inajipanga. Tuseme ameagizwa saa 18. Anavua nusu saa asubuhi kuoga, anavua tena saa tisa alasiri akirudi shule, anacheza, anachota maji, anakula na wenzake, anavaa saa mbili usiku. Jumla amevaa saa 18 na nusu, na sehemu tamu ya siku amebaki nayo. Mpango huu ni mfano. Wenu mpangeni naye, na daktari aukubali.

Shuleni

Nenda mwenyewe, siku shule inapofunguliwa, ukiwa na barua ya hospitali. Msalimie mwalimu mkuu, mwombe aketi na mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi, kisha ueleze mambo machache bila kuzunguka. Mtoto si mgonjwa na haambukizi. Anahitaji ruhusa ya kutoka kwenda chooni bila kuhojiwa, ya kusimama nyuma ya darasa dakika chache mgongo ukichoka, na dawati ambalo halimlazimishi kujikunja. Kichurachura hapana. Kiboko hapana, mgongoni wala popote karibu na bresi. Kufagia na kumwagilia bustani anaweza akiwa amevaa, ila si kuinama kwa jembe nusu siku. Michezo aruhusiwe, akiivua kama daktari alivyoelekeza. Akiwa na kipaji cha netiboli au mbio asiachwe nje ya mashindano ya UMITASHUMTA kwa sababu ya plastiki inayovuliwa kwa dakika moja. Usain Bolt, mwenye rekodi ya mita 100 ya sekunde 9.58 aliyoiweka Berlin mwaka 2009, ana mgongo uliopinda. Mcheza tenisi wa Marekani James Blake alivaa bresi saa 18 kwa siku alipokuwa kijana, akaja kushika nafasi ya 4 duniani mwaka 2006. Mifano hii mpe mwalimu wa michezo kuliko mtoto. Mtoto kwa siku za mwanzo hataki kusikia habari za mashujaa.

Jambo moja muulize mtoto kabla hujaondoka nyumbani: nani ajue? Kuna mwalimu mwema atakayetaka kumsimamisha mstarini awaeleze wanafunzi wote ili wasimcheke. Nia nzuri, matokeo mabaya mara nyingi. Kwa bahati, shule zetu huvaa sweta karibu mwaka mzima, na shati likiwa kubwa saizi moja bresi haionekani kirahisi. Akitaka rafiki mmoja tu ajue, na ndiye amkazie mikanda baada ya michezo, iwe hivyo. Watakaogusa na kusikia plastiki watauliza, kwa hiyo mtengenezeeni jibu fupi alizoee nyumbani. “Mgongo wangu unakua ukipinda, hiki kinaushika mpaka nimalize kukua.” Akitaka, aongeze: “Gonga uone.” Atakayemwita kibiongo mara moja anaweza kujibiwa na mtoto. Akirudia, ni kazi ya mwalimu, na wewe ulishamwandaa.

Wanaochaguliwa kwenda bweni kidato cha kwanza wako katika umri ule ule wa bresi. Kama kuna shule nzuri ya kutwa karibu, mimi ningeichagua kwa miaka hiyo ya bresi. Kama hapana, matroni aonyeshwe kila kitu: fulana, nusu saa ya wekundu, kigoda cha choo, namba ya fundi.

Viatu vya kamba ni kero usiyoitegemea. Ndani ya bresi hafiki miguuni. Nunua visivyo na kamba, au avae viatu kwanza. Na wakati wa funza, mkague wewe.

Daftari la saa

Mpe daftari. Aandike muda wa kuvaa na wa kuvua, kila siku, kwa mkono wake. Wewe litazame mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya ibada labda, mkiwa wawili. Ukiona Jumatano ameandika saa tisa tu, uliza kilichotokea, usiulize kwa nini ni mkaidi. Pengine fulana ilikuwa mbichi. Pengine tumbo liliuma kwa sababu ya hedhi. Pengine alichekwa. Kila jibu lina kazi yako ndani yake.

Mtoto anayechapwa au kufokewa kwa kuandika ukweli atajifunza kuandika 18 kila siku. Daktari atasoma 18, ataona mpindo umeongezeka, ataamua bresi imeshindwa, na mazungumzo ya upasuaji yataanza juu ya takwimu za uongo mliouzaa nyumbani. Ndiyo maana nasema saa ni za mtoto. Yeye ndiye atakayekuwa peke yake na mikanda saa sita za mchana, na hakuna kiboko kinachofika huko.

Hasira itakuja. Itakuja zaidi mwezi wa pili wa kuvaa, upya ukishaisha na kila mtu nyumbani akiwa ameshazoea isipokuwa yeye. Mwache alie. Usimkatishe kwa “shukuru Mungu, wengine hawana miguu.” Mpe uhuru mahali unapoweza: abandike stika za Simba au Yanga, achague sweta, achague saa za kuvua. Lakini usimwondolee kazi zote za nyumbani. Anayekaa kitini huku wadogo zake wakichota maji ataonewa wivu nao, kisha atajiona mlemavu. Bresi ikiwa imevuliwa, kazi za kawaida ni zake kama za wengine.

Kwa msichana, mama au shangazi azungumze naye kuhusu matiti yanayouma chini ya plastiki na tumbo linalojaa siku za hedhi. Fundi anaweza kupanua mahali hapo, mradi aambiwe. Andikeni tarehe ya hedhi ya kwanza nyuma ya lile daftari. Daktari ataiuliza, kwa sababu humsaidia kukadiria ukuaji uliobaki.

Na bibi? Bibi humvua mjukuu kwa upendo, mtoto akilia mara moja tu. Kumgombeza hakusaidii, na heshima haikuruhusu. Nenda naye hospitali siku ya eksirei. Akiona kwa macho yake uti wa mgongo wa mjukuu ulivyokunja kona kwenye picha, atakuwa mlinzi mkali kuliko wewe. Ndugu wa kanisani watakuja pia, na hapa Rungwe, ambako Wamoravian walijenga kituo chao tangu 1891, hakuna jambo lisiloombewa. Waombe, na waombe sana, bresi ikiwa imefungwa. Atakayesema ivuliwe kama alama ya imani, mshukuru, mpe chai, na mikanda usiiguse.

Marudio huwa kila miezi minne hadi sita. Chukua eksirei zote za zamani ndani ya mfuko usiopitisha mvua, maana daktari hulinganisha, na uliza mapema kama mtoto apige picha akiwa amevaa au amevua, na avue tangu lini. Uliza pia mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumpa ya kufanya nyumbani ili misuli isilegee.

Siku ya kuacha huamuliwa na mifupa, siyo na uchovu wenu. Kwa msichana mara nyingi ni kama miaka miwili baada ya hedhi ya kwanza, urefu ukiwa umesimama. Wavulana huchelewa zaidi. Wengi huanza kwa kupunguziwa hadi kuvaa usiku tu, kisha hupigwa eksirei nyingine baada ya miezi kadhaa kuona kama mgongo umetulia. Bresi iliyokwisha kazi usimpe mtoto wa jirani, wala mdogo wake hata kama naye anaonekana amepinda, kwa kuwa itamsukuma mahali pasipo pake. Huyo mdogo muite leo, avue shati, asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining’inia, nawe kaa nyuma yake utazame mbavu. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, mpeleke Makandana mapema. Usipoona kitu, rudia baada ya miezi sita.